Mkono Mwepesi Juu ya Uvimbe

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ianze mwaka 2023 kutoa huduma za upasuaji rekebishi, maswali kuhusu kunyonya mafuta mwilini hayaishi. Lililoletwa safari hii halihusu upasuaji wenyewe bali wiki zinazofuata. Msomaji anataka kujua kwa nini mkandaji aliyeelekezwa na daktari anampapasa tu tumbo, tena kwa woga, ilhali kwenye video za mitandaoni wakandaji wa Miami wanakamua majimaji mekundu kwenye vidonda mpaka taulo linalowa. Nani kati yao anafanya kazi? Jibu langu ni yule anayepapasa, na sababu si huruma. Sababu ni jinsi kishipa kidogo kabisa cha limfu kinavyofungua mdomo wake. Mashine za kunyonyea mafuta, aina zake na bei zake nazipita. Zimeandikwa vya kutosha.

Kila siku lita zipatazo nane za majimaji huvuja kutoka kwenye vishipa vyembamba vya damu na kuingia kati ya seli. Tangu Ernest Starling aandike juu ya jambo hili mwaka 1896, wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba sehemu kubwa ya majimaji hayo hurudi kwenye vishipa vilevile vya damu, upande wa vena. Mwaka 2010 Levick na Michel waliupitia upya ushahidi, wakaonyesha kwamba katika sehemu nyingi za mwili mambo hayaendi hivyo: karibu yote hurudi kwa njia ya limfu. Sasa ichukue ngozi iliyopitishwa bomba chini yake. Inavuja kuliko kawaida, na vishipa vyake vya limfu vimekatwakatwa. Haina pa kutolea maji ila kwenye vile vilivyosalia, na hivyo ndivyo vinavyonifurahisha. Kishipa cha mwanzo cha limfu ni kifuko kilichoziba upande mmoja. Ukuta wake ni seli safu moja tu, bila msuli. Mwaka 2007 Peter Baluk na wenzake walichunguza njia ya hewa ya panya wakakuta kwamba seli hizo zina kingo za mawimbimawimbi, kila ukingo umelala juu ya ukingo wa jirani, na zimeshikamana kwa vifungo vilivyoachana. Kati ya kifungo na kifungo hapakushonwa. Hapo ndipo majimaji hupenya. Vitabu vyetu huita kila kitu cha namna hii vali, lakini vali halisi ziko mbele zaidi, kwenye mishipa mikubwa ya limfu. Hizi za mwanzoni nitaziita vilango, na atakayepata jina bora alilete. Nje ya kila kilango kuna nyuzi nyembamba mno, zilizoelezwa na Leak na Burke mwaka 1968, zinazoufunga ukuta wa kishipa kwenye nyama inayokizunguka.

Mvuvi wa dema ataelewa hili upesi. Dema husukwa kwa fito, na mdomo wake hupungua kuelekea ndani, samaki akishapenya asione pa kutokea. Hadi hapo kishipa na dema ni ndugu. Sasa liongezee dema hilo kitu ambacho hakuna fundi aliyekibuni: mdomo umefumbwa, na kutoka kila ufito wa mdomoni umevutwa uzi uliofungwa kwenye nyasi za bahari zilizolizunguka. Bahari ikitulia, mdomo unabaki umefumba. Maji yakizisukuma nyasi mbali na dema, nyuzi zinakaza na mdomo unafunuka, kwa nguvu ya kitu kilekile kinachotaka kuingia. Nyasi zikirudi, nyuzi zinalegea, mdomo unafumba, na kilichoingia kimenaswa. Kinacholijaza dema si wimbi moja kubwa bali kule kwenda na kurudi. Anayetaka kusaidia atazishika nyasi, azivute kidogo upande mmoja, aziachie, azivute tena. Akilikanyaga dema akidhani anawasukumia samaki ndani, fito zitalala, mdomo utabanwa na nyuzi zitakatika.

Huko kuvuta nyasi ndiko kupapasa anakolalamikia msomaji wetu. Viganja havitelezi juu ya ngozi. Vinaisogeza ngozi yenyewe mpaka ikatae, kisha vinaiacha irudi. Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmark waliokuwa wakifanya kazi Cannes miaka ya 1930, waliufikia mwendo huu kwa vidole tu, miongo mitatu kabla ya nyuzi zile kuelezwa. Kwa upande wa mkono mzito, mwaka 1995 Eliska na Eliskova wa Prague walijaribu ukandaji wa shinikizo la milimita 70 hadi 100 za zebaki, ambalo ni dogo kuliko presha ya juu ya kawaida ya mtu mzima. Ndani ya dakika chache kuta za vishipa vya mwanzo vya limfu zilikuwa zimeharibika. Mkandaji mwenye bidii hulifikia shinikizo hilo bila kujua. Ukandaji wa Vodder huanzia shingoni, mbali kabisa na uvimbe, na wengi hudhani ni mbwembwe. Lakini karibu limfu yote ya tumbo na miguu huishia kwenye mshipa wa damu ulio nyuma ya mtulinga wa kushoto, na mishipa mikubwa ya limfu hujikaza yenyewe kipande kwa kipande, kila kipande kikimiminia cha mbele yake. Cha mbele kikiwa kimejaa, cha nyuma hakina pa kumimina. Watafiti wa Houston walioifuatilia limfu kwa rangi ing'aayo mwaka 2011 waliona mwendo wake ukiongezeka kwa takriban robo baada ya ukandaji wa namna hii. Njia nayo ina ramani yake: ngozi ya chini ya kitovu hupeleka limfu kwenye tezi za kinena, zile zikivimba tunaziita mitoki, na ya juu huelekea kwapani. Aliyepasuliwa tumbo kutoka nyonga hadi nyonga njia yake ya kinena imekatwa, kwa hiyo mkono hupanda kwapani.

Atakuja mtu na taulo lake: mbona majimaji yalitoka na uvimbe ukapungua? Tangu Jeffrey Klein aeleze mbinu yake mwaka 1987, madaktari huijaza sehemu inayonyonywa maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, na sehemu kubwa ya maji hayo hubaki mwilini. Hayo pamoja na damu ndiyo yanayolowesha taulo. Hayakuwa yameingia kwenye kishipa chochote cha limfu, na kidonda kinachofumbuliwa ili yatoke hufunguliwa bakteria pia. Wanaosema masaji hutoa sumu sina la kuwajibu mpaka waitaje sumu yenyewe. Hoja nzito ni kwamba uvimbe hupungua wenyewe, na majaribio kwa waliofanyiwa urembo ni machache na madogo. Ni kweli. Ila mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, kwa wanawake waliovimba mkono baada ya saratani ya titi, yaliona kwamba ukandaji huu ukiongezwa juu ya bandeji za kubana unaweza kuupunguza zaidi uvimbe usio mkali. Mkono si tumbo, lakini kilango ni kilekile.

Mwenye homa, mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma, na mwenye ugonjwa wa moyo hakandwi, anakwenda hospitali. Siku ya kuanza huipanga daktari aliyepasua. Na uvimbe mwingine hauhusiani kabisa na vilango: ni dimbwi la majimaji lililojitenga chini ya ngozi, likicheza ukiligusa. Ndani yake hamna kishipa, hamna uzi, hamna cha kuvuta. Mkandaji anayeijua kazi akilihisi huinua mikono, na daktari hulitoa kwa sindano, wakati mwingine zaidi ya mara moja.