Statu ya WhatsApp: kwa nini wateja hawaoni bidhaa yako?

Chukua mfano wa mama anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu. Asubuhi anapiga picha ya beseni lake, anaiweka kwenye statu ya WhatsApp na kuandika: "Sambaza ziko." Jioni anaangalia: watu 12 tu ndio wameona, na hakuna aliyeuliza. Lakini kwenye telefone yake kuna namba zaidi ya 300. Hao wengine wako wapi?

Namba ya pande mbili

Statu haionwi na kila mtu. Inamfikia yule ambaye umehifadhi namba yake, na yeye pia amehifadhi yako. Mteja akinunua jana, ukaandika namba yake, lakini yeye hakuandika yako, hataona kitu. Hata anayeweza kuona ana saa 24 tu, kisha inapotea.

Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi inafuata sheria karibu ileile: inapokea watu 256, lakini asiyehifadhi namba yako hapati ujumbe.

Kwa hiyo, mbele mteja aondoke, mwambie: "Papa, andika namba yangu: Mama Sambaza Kadutu." Siku akitafuta sambaza, jina hilo litakuja lenyewe.

Sema bei

"Niandikie pembeni nikuambie bei." Maneno haya yanafukuza watu. Mteja anaona atapoteza mega zake bure, ao anafikiri bei inategemea sura ya mtu. Yeye anataka kujua mambo matano: kitu gani, kipimo gani, bei ngapi, wapi, mpaka saa ngapi. Kwa mfano: "Sambaza kavu za leo. Kopo moja franka 3.000. Kadutu, upande wa samaki, mpaka saa kumi."

Kwa kuwa watu wanalipa kwa dola na kwa franka, sema unahesabu kwa pesa gani. Kama ni dola, andika pia kiwango unachopokea siku hiyo. Ugomvi mwingi mbele ya meza unaanzia hapo.

Habari mbaya nayo ni habari

Barabara ikikatika, mali ikichelewa ao bei ikipanda, tangaza mapema. Mtu akitoka Bagira kwa miguu akute beseni tupu, kesho ataenda kwa mwingine. Lakini ukimwambia asubuhi "leo hakuna, rudi Alhamisi", atajua kama neno lako linashika.

Asiyesoma vizuri, mtumie sauti, hata kwa Mashi ao Kinande. Asiye na telefone ya intaneti, mpigie, ao tuma tangazo redioni siku mali ikiwa nyingi.

Jilinde pia

Usionyeshe stoki yote, pesa, wala nyumba unamolala. Picha ya bidhaa moja inatosha. Na mteja akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, usiamini ujumbe anaokuonyesha kwenye telefone yake. Angalia kwanza salio lako mwenyewe, kisha ndipo umpatie mali.

Kazi ya kuanza nayo leo ni ndogo: wateja kumi wa kwanza, omba kila mmoja ahifadhi namba yako. Kesho jioni, hesabu tena walioona statu.