Anachokiona Mwalimu: Maswali ya Afya Siku ya Mkutano wa Wazazi

Katika mikutano ya wazazi kwenye skuli za Mji Mkongwe na kwingineko Unguja, swali linalosikika zaidi ni hili: “Mwanangu anaendeleaje?” Jibu nalo limezoeleka: ana akili, ila ni mvivu, au, hasikilizi. Mzazi hurejea nyumbani na jibu hilo, mtoto akagombezwa, na mambo yakabaki yalivyokuwa. Kitabibu jibu la namna hiyo halitoshi, kwa sababu mtoto asiyeuona ubao, asiyesikia vyema na anayepatwa na kifafa cha kuzubaa, wote watatu huweza kuitwa wavivu.

Mwalimu si daktari, wala haifai kumtaka ataje ugonjwa. Lakini yeye humwona mtoto katika hali isiyopatikana nyumbani wala kituo cha afya: akiwa mbali na ubao, katikati ya sauti za wenzake, kwa saa kadhaa mfululizo. Kwa hiyo aulizwe alichokiona, si anachodhani.

Kuhusu macho, swali ni jepesi: je, mtoto hunakili kutoka ubaoni au kutoka daftari la jirani yake? Anayekunja uso na kusimama ili asome huenda haoni mbali. Kumhamishia dawati la mbele ni msaada wa muda tu. Hakuchukui nafasi ya kupimwa. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba miwani hudhoofisha macho. Haidhoofishi. Mhudumu wa afya ampime kila jicho peke yake, na akiona vyema zaidi kupitia tundu dogo, aghlabu tatizo ni la miwani.

Kuhusu masikio, aulizwe kama mtoto huitika anapoitwa kutoka nyuma. Nyumbani, chumba kikiwa kimya na mama akiwa karibu, upungufu wa kusikia hujificha. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi lina maradhi sugu. Hukaushwa kwa utambi safi wa kitambaa na kutiwa dawa ya matone iliyoandikwa kituoni. Lisitiwe mafuta, na wale wavulana wanaojirusha baharini pale Forodhani wapumzike kwanza mpaka likauke.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni la kuzubaa. Je, mtoto hukatika ghafla katikati ya neno, akakodoa macho kwa sekunde chache, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu? Na je, akiguswa wakati huo huzinduka? Anayeota mchana huzinduka akiguswa. Mwenye kifafa cha aina hii kwa kawaida hazinduki mpaka hali ipite, nayo huweza kumjia mara nyingi kwa siku. Haanguki wala hatoki povu, ndiyo maana watu hawalifikirii jina la kifafa, na mtoto huadhibiwa kwa jambo asilolijua. Kituoni, kumtaka apumue kwa nguvu na kwa haraka kwa muda wa dakika 3 huweza kuidhihirisha hali hiyo mbele ya mhudumu. Jaribio hili lisifanywe kwa mwenye selimundu, pumu kali au ugonjwa wa moyo. Ikumbukwe pia kwamba kabamazepini, dawa inayofaa aina nyingine za kifafa, huweza kuizidisha aina hii.

Lipo pia swali ambalo wazazi wengi huona haya kuliuliza: mtoto huomba ruhusa ya kwenda chooni mara ngapi? Kichocho cha Unguja ni cha njia ya mkojo, nacho huambukizwa katika mito na madimbwi ya maji baridi yenye konokono, si baharini. Mtoto wa mjini huweza kukipata akienda kuoga mtoni shamba kwa bibi yake wakati wa likizo. Damu katika mkojo wa mtoto wa kiume isichukuliwe kuwa dalili ya kubaleghe. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Lakini akikojoa sana huku akinywa maji mengi na kukonda, huenda ni kisukari, na sukari yake ipimwe siku hiyo hiyo.

Maswali haya hayafai kuulizwa ukumbini mbele ya watu. Mzazi amsubiri mwalimu pembeni, na kama mtoto ana selimundu, pumu au kifafa kinachojulikana, amweleze na yeye: maji yasizuiliwe, dawa iko wapi, nani apigiwe simu. Mwalimu wa chuo naye aulizwe, maana huwa na mtoto saa nyingine za siku.

Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa. Karatasi inayosema “hukatika mara tatu kabla ya mapumziko, akiguswa hasikii” humpa mhudumu wa afya mahali pa kuanzia. Ile inayosema “mvivu” humrudisha kumuuliza mwalimu upya.