Gati, Meli na Kivuko: Nani wa Kuulizwa?

Ukisubiri chombo Ziwa Victoria utasikia mengi kuhusu wenye mamlaka. Tupime machache.

"Meli ni za bandari." Si kweli. Gati za Mwanza, Bukoba na Musoma ziko chini ya TPA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. MV Victoria, inayofunga Mwanza na Bukoba, ni ya TASHICO, kampuni ya meli ya Serikali, zamani MSCL. Vivuko vya Serikali huendeshwa na TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi.

"Kimeruhusiwa kuondoka, basi ni salama." Si kweli, na kosa hili linaua. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko cha TEMESA, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Nchi ilikuwa imeshazika mamia waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Baada ya ajali ya MV Nyerere bodi ya TEMESA ilivunjwa, lakini bodi ikivunjwa, anayehesabu watu getini bado ni yuleyule. Usalama wa vyombo, uliokuwa kazi ya SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa wakati huo, leo ni wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli. TASAC hiyohiyo imepewa na sheria biashara ya kuondosha baadhi ya mizigo bandarini. Naona hilo si sawa: msimamizi wa sekta asifanye biashara ndani yake.

"Bandari za ziwa zilikwenda kwa DP World." Si kweli. Mkataba wa Oktoba 2023 na kampuni hiyo ya Dubai unahusu gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam, kwa miaka 30. Wasiwasi haukuzuka bure, maana makubaliano ya Tanzania na Dubai yaliyoridhiwa na Bunge mwezi Juni mwaka huo yalitaja bandari za bahari na za maziwa.

"Hesabu zao ni siri." Si kweli. CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukagua mashirika haya, na ripoti ikishawasilishwa bungeni, mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Zaidi ya hapo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30.

"Serikali haishtakiwi." Inashtakiwa, baada ya notisi ya siku 90.

Ukiona abiria wamezidi, usipande. Waarifu TASAC papo hapo, kisha mwandikie mwenye chombo ukitaja jina la chombo, siku na saa, na ubaki na nakala.