Bata na Nyuki Nyumbani

Mtu mwenye shamba dogo hudhani kwamba hana nafasi ya mifugo zaidi ya kuku wachache. Lakini wako viumbe wa namna mbili wasiotaka malisho mapana, nao ni bata na nyuki. Hutupatia mayai, nyama, asali na nta. Tena ni furaha kuwatazama jioni, kazi za shamba zikiisha. Lakini furaha hiyo haipatikani ila kwa mtu anayezijua tabia zao.

Wengi husema kwamba bata hawezi kuishi pasipo ziwa. Sivyo. Karai la maji latosha, maadamu lina kina cha kumwezesha kutia kichwa chote, maana ndivyo asafishavyo macho na pua. Mchana mwachilie atembee, naye atakula konokono na wadudu. Usiku mfungie bandani, asiliwe na vicheche.

Mayai ya bata wa kawaida huanguliwa kwa siku 28, na ya kuku kwa siku 21. Basi ukimpa kuku mayai ya bata, ujue kwamba ataatamia juma moja zaidi; mwekee chakula na maji karibu, asije akayaacha. Vifaranga hao wasiingie maji ya kina siku za kwanza, kwa kuwa manyoya yao hayana mafuta ya kutosha, nao huloa wakafa kwa baridi. Wakisha kukua, utacheka kumwona mama kuku akihangaika ukingoni huku wanawe wakiogelea.

Tukija kwa nyuki, tangu zamani Wakamba hutundika mizinga ya magogo mitini, na asali ilikuwa na nafasi yake katika mahari. Lakini mrinaji asiye mwangalifu hukata masega yote, hata yenye watoto, na nyuki huhama. Mwaka 1971 ulibuniwa nchini Kenya mzinga wa mbao, ambao juu yake hupangwa fito bapa zenye upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila ufito. Hivyo mrinaji huinua sega moja moja, akatwaa lenye asali na kuliacha lenye watoto.

Nyuki wa Afrika ni mkali. Achomapo, huacha harufu iwaitayo wenzake. Kwa hiyo mzinga uwe mbali na nyumba na njia, wala mbuzi au punda asifungwe kamba karibu nao, kwani hataweza kukimbia. Rina jioni, ukiwa umejifunika mwili mzima, na utumie moshi, ambao huificha harufu ile. Mtu akichomwa akavimba uso au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Nyuki nao huhitaji maji. Wawekee chombo chao mbali na bata, chenye mawe ya kutua wasije wakazama.

Anza kwa kidogo: bata majike watatu na dume mmoja, na mzinga mmoja uliopakwa nta ndani ili kuwavuta nyuki. Usitarajie fedha nyingi mwaka wa kwanza. Lakini watoto watapata mayai, na maboga yako yatazaa vizuri zaidi, kwa kuwa nyuki huchukua unga wa ua hili na kuupeleka kwa lile.