Mkimbizi wa ndani hakai hemani pekee

Ukisikia "mkimbizi wa ndani" unaona nini? Hema na foleni ya unga, si ndiyo?

Lakini ghasia za 2007/2008 zilipofurusha zaidi ya watu 600,000 makwao, wengi hawakufika kambini. Walijibana kwa dada, kwa shangazi, ama wakakodi chumba mtaani. Operesheni Rudi Nyumbani ilipoanza Mei 2008, kila familia ilitengewa Sh10,000 za kuanzia maisha, na aliye kambini ndiye aliyeonekana kwanza.

Kwa akina mama ilikuwa noma zaidi. Pesa zilihesabiwa kwa familia, si kwa mtu. Kama mlikimbia mkapoteana na mzee, na jina lililoandikwa ni lake, wewe na watoto mtakula nini?

Sheria ya 2012 iko wazi: ukifukuzwa kwenu na vita au mafuriko bila kuvuka mpaka wa nchi, wewe ni mkimbizi wa ndani, uwe hemani ama kwa shangazi.

Mei 2024, familia za Mathare zilipohamishwa kando ya mto baada ya mafuriko, Rais Ruto aliahidi kiasi kilekile: Sh10,000 kwa kila familia.

Kwa hivyo kuna mama amehamia kwenu na watoto? Msindikize kwa chifu aandikishwe kwa jina lake mwenyewe. Unga, sodo, pesa: vyote hufuata orodha.