Mafua ya kichanga si ya kupuuzwa

WENGI katika pwani hii, kuanzia Kismayo hadi visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wameshika kauli moja tangu Somalia ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 16, 2020: hayo ni maradhi ya wazee, watoto hawana neno.

Kauli hiyo ni kweli nusu. Watoto wengi wanaoambukizwa hupona kama waliopata mafua tu. Lakini walio chini ya miezi mitatu wamo hatarini kuliko ndugu zao wakubwa, na katika nchi mbalimbali wamelazwa mahututi vichanga waliozaliwa salama, bila maradhi mengine yoyote.

Sababu haifichiki. Njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba, makamasi kidogo tu huiziba. Tena hupumua zaidi kwa pua, hivyo pua ikiziba hata kunyonya humshinda.

Wala si jambo geni. Mwaka 2004 wanasayansi wa Uholanzi walieleza kirusi kingine cha jamii ya korona, NL63, walichokipata kwa mtoto wa miezi saba aliyeugua kifua. Kirusi hicho kimeonekana pia Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wamechunguza maradhi ya kifua ya watoto kwa miaka mingi.

Msimu mmoja wa kusi nilikuwa Chovai mtoto wa miezi miwili, mnene na mchangamfu, aliposhikwa na mafua. Siku ya tatu alikataa titi. Nyanya yake akataka aitwe mkata kimio.

“Bibi, kimio hakina kosa,” nikamwambia. “Tuhesabu pumzi kwanza.”

Zilipita 60 kwa dakika, na mbavu zilikuwa zikibonyea. Bahari ilichafuka, nahodha akasita, lakini tulivuka. Kismayo mtoto alitiwa oksijeni akanusurika. Hakupimwa, kwa hivyo kirusi hakikujulikana. Hata hivyo, dalili za hatari ni zile zile.

Hesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi. Kifua kubonyea, midomo kugeuka rangi, kushindwa kunyonya, degedege au kulegea: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali. Kukata kimio huleta damu na vidonda, hakuponyi kifua.

Nanyi wafanyabiashara mnaotoka Lamu, Garissa au Dobley, mkifika na kikohozi msimbusu mtoto. Naweni mikono, mfunike mdomo. Msimvishe barakoa aliye chini ya miaka miwili, humzuia pumzi. Mama aendelee kunyonyesha hata akiugua, na chanjo aipatayo akiwa mjamzito humkinga mtoto pia.

Mnaorejea kutoka Dadaab, msiache kadi za kliniki. Kenya ilianza chanjo ya nimonia ya nyumokoka mwaka 2011, Somalia ikaianza 2025 tu. Kadi ndiyo itakayomwonyesha muuguzi kilichosalia.

Na anayeishi kisiwani aafikiane na nahodha mapema, kabla mtoto hajaugua. Kichanga anayehangaika kupumua usiku hawezi kungoja bahari itulie.