Usiache mbachao: somo la treni za Mumbai kwetu sisi Wapwani

Waswahili twasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huu hunijia kila nikisikia mazungumzo ya reli hapa Mombasa, maana wengi wetu tunadhani kazi ya kuleta treni mpya ni kuinunua, kukata utepe, kisha kuitupa ya zamani. Leo nataka tuutazame mji ambao Wapwani tunaufahamu vyema, Mumbai, ambao wazee wetu mpaka sasa huuita Bombei. Zamani tuliuendea kwa majahazi na biashara, siku hizi tunauendea kwa matibabu. Mji huo ulistaafisha aina nzima ya treni za abiria wa kila siku, na watu wakaendelea kufika kazini. Namna walivyofanya ina faida kwetu, na makosa yao pia yana faida kwetu.

Reli ya kwanza ya abiria katika Bara Hindi ilianzia hapo tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, mwendo wa kilomita 34 hivi. Treni ya kwanza ya umeme nchini humo nayo iliondoka mji huohuo tarehe 3 Februari 1925, kutoka stesheni ya Victoria Terminus kwenda Kurla, kwa njia iitwayo Harbour Line, yaani ile inayopita upande wa bandari. Umeme wake ulikuwa wa volti 1,500, wa aina ambayo mafundi huiita DC. Huu ni umeme uendao upande mmoja tu, kama ule wa betri ya gari. Mabehewa yalibadilishwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata, mengine yakaundwa Kolkata na Chennai, lakini kwenye Harbour Line umeme ulibaki uleule kwa miaka 91.

Mwaka 2013 nilimsindikiza ami yangu kwenda kutibiwa huko. Tulipanga chumba karibu na barabara ya Mohammed Ali, na stesheni yetu ya jirani ilikuwa Masjid. Nikipanda Harbour Line kwenda Kurla niliona mambo ambayo sikuwa nimeyazoea: milango iko wazi daima, feni zinazunguka kichwani, wanaume wamening'inia kwa mkono mmoja, na behewa la wanawake limetengwa peke yake. Hakuna aliyelalamika kwamba treni ni kuukuu. Walilalamika ikichelewa dakika tano.

Basi kama watu wamezoea, kwa nini iondolewe?

Sababu kubwa ilikuwa kwenye waya za umeme kuliko kwenye mabehewa. Tuchukue mfano wa maji ya mfereji. Presha ikiwa ndogo na unataka kujaza tangi kwa muda uleule, lazima bomba liwe nene. Umeme nao ni hivyo. Treni ya volti 1,500 ikitaka nguvu sawa na ya volti 25,000 inalazimika kuvuta mkondo wa umeme karibu mara 17 zaidi. Mkondo mkubwa hupasha waya moto, na joto hilo ni umeme uliolipiwa na kupotea njiani. Waya zinatakiwa ziwe nene, na vituo vya kulisha umeme vinatakiwa viwekwe karibukaribu katika mji ambao hata nafasi ya kibanda haipatikani. Isitoshe, treni za zamani zilipoanza kuondoka zilipunguza umeme kwa kuupitisha kwenye vyuma maalum, na ule uliozidi ukageuka joto la bure.

Matokeo yake ni kwamba mji ulikuwa unakua lakini treni haziwezi kukua nao. Ukitaka kuongeza mabehewa au kuongeza mwendo, umeme hautoshi. Reli ya India ilikwisha kuchagua volti 25,000 za aina ya AC kwa njia zake mpya tangu miaka ya 1950. Mumbai ikabaki peke yake na mtindo wa zamani, hata kwa miaka mingi treni za safari ndefu zikawa zinabadilishiwa injini kabla ya kuingia mjini.

Sasa tazameni walivyokwenda. Mumbai hubeba abiria zaidi ya milioni 7 kwa siku kwa treni hizi. Huwezi kuwaambia wakae nyumbani mwaka mzima mkitengeneza. Kwa hiyo kwanza walinunua treni zinazokubali umeme wa aina zote mbili. Hizi zilianza kazi Novemba 2007, mitambo yake ya umeme ikitoka kampuni ya Siemens na mabehewa yakiundwa Chennai, kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Treni hiyo ilipita chini ya waya wa zamani leo, na kesho ikapita chini ya waya mpya, abiria asijue tofauti. Tena ikifunga breki hurudisha umeme kwenye waya ili utumiwe na treni nyingine.

Treni hizo zilipokuwa za kutosha ndipo wakabadilisha umeme, kipande kwa kipande, kazi kubwa zikifanywa usiku na Jumapili. Njia ya upande wa magharibi ilimalizika mwaka 2012, njia kuu ya Central Railway mwaka 2015, na Harbour Line ikawa ya mwisho, usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 2016. Usiku huo treni ya mwisho ya DC ilitoka Kurla ikaingia stesheni kuu, ikiitembea kinyume ile safari ya mwaka 1925. Baada ya hapo mwendo wa juu ukaweza kupanda kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, na mwaka huohuo treni za Harbour Line zikaanza kurefushwa kutoka mabehewa 9 hadi 12.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Umeme wa volti nyingi unahitaji nafasi kubwa zaidi kati ya waya na daraja lililo juu yake. Daraja la Hancock, karibu na stesheni ya Sandhurst Road, lilikuwa chini mno, likabomolewa Januari 2016. Daraja jipya halikufunguliwa, tena upande mmoja tu, hadi mwaka 2022. Kwa miaka yote hiyo watu wa mtaa ule, wakiwemo watoto wa shule, walikuwa wakivuka relini kwa miguu, na wako waliokufa. Mpango uliomkumbuka abiria wa ndani ya treni ulimsahau jirani wa reli.

La pili ni milango. Treni mpya nyingi zilikuja na milango wazi kama zile za zamani. Zenye milango ya kujifunga, ambazo pia zina viyoyozi, zilianza Desemba 2017, lakini nauli yake iko juu sana kwa mtu wa kipato cha chini. Zaidi ya watu 2,000 bado hufa kila mwaka kwenye reli za Mumbai, wengi wakivuka njia au wakianguka kutoka treni zilizojaa. Juni 2025, karibu na stesheni ya Mumbra, abiria waliokuwa wakining'inia milangoni walianguka treni mbili zilipopishana, na baadhi yao wakafariki.

Turudi nyumbani. Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kwa vibarua wengi waliotoka Bara Hindi. Aprili 2017 treni ya abiria ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilifanya safari zake za mwisho, na SGR ikazinduliwa tarehe 31 Mei. Treni mpya ni nzuri na ina kasi, sibishi. Lakini stesheni ilihama kutoka kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ikaenda Miritini. Mwenye mizigo na mtoto mgongoni anashuka hapo kisha anaanza kutafuta matatu. Msala ulipita, na mbachao ulikuwa umeshakunjwa.

Kwa hiyo tukiambiwa tena kuna treni mpya, iwe ya mjini au ya masafa, tuwaulize viongozi wetu mambo manne kabla ya kupiga makofi. Je, mpya itakuwa imeanza kazi kabla ya ya zamani kuondoka? Je, itasimama pale watu wanapoishi na kufanya kazi? Nauli yake ataiweza kibarua wa Changamwe? Na anayevuka reli kwa miguu amepangiwa kivuko kipi? Tuyaulize kwenye mabaraza ya maoni, mapema, na majibu yaandikwe.